Wito kwenye Mita Kumi na Saba

"Hivi mumeo akijifungia kwenye gari kila alasiri, huwa anaongea na nani?"

Jirani yangu, fundi cherehani, aliniuliza hivyo miaka kadhaa kabla sijawa mjane, uzi ukiwa mdomoni na macho yakiwa kwenye pindo la gauni la mtu. Aliuliza kama anayeuliza bei ya sabuni, ila mguu wake ulikuwa umeacha kukanyaga cherehani, nami nikajua swali hilo lilikuwa limeshazunguka mtaa mzima kabla ya kufika kwangu. Mwenye nyumba huwa wa mwisho kunusa moshi wa jikoni kwake.

Nikamwambia anaongea na redio. Alicheka mpaka uzi ukamdondoka. Akasema redio ya kwake huongea yenyewe bila kusubiri kujibiwa, na kwamba mwanamume anayefunga vioo kwenye jua kama lile ana neno asilotaka upepo ulibebe.

Sikumlaumu. Mume wangu alikuwa fundi wa friji, na gari lenyewe lilikuwa pikapu kuukuu la kijani, nyuma limejaa mitungi ya gesi na friji zilizokufa ambazo wenyewe walishazikatia tamaa. Kwenye bampa ya nyuma alikuwa amefunga fimbo ndefu ya antena yenye koili nene katikati, kama nyoka aliyemeza yai. Kwa ajili ya fimbo ile watoto walimwita Antena, na baadaye hata wenye maduka wakamwita hivyo hivyo: Antena, friji langu halishiki baridi; Antena, lini unakuja. Naye aliitika.

Mimi ni dobi. Nafua na kupiga pasi mashuka ya nyumba za wageni, na kazi ya pasi inamfundisha mtu kutazama, maana mkunjo usiouona wewe ndio atakaouona mwenye shuka. Basi alasiri ile niliweka pasi kando, nikaenda kwenye gari, nikafungua mlango wa pili, nikakaa. Mume wangu hakushtuka. Aliondoa bisibisi kwenye kiti nisiikalie, akaweka kidole mdomoni, nikanyamaza nikasikiliza.

Mwanzoni palikuwa na mvumo tu, kama mafuta yanayochemka kwenye nyumba ya tatu. Kisha ndani ya mvumo ikatoka sauti ya mwanamume. Ilisema kwake mvua imekataa kunyesha. Ilisema inampata mume wangu vizuri, tano na tisa, ambacho ndicho kipimo chao cha usikivu mzuri, na kwamba waya wa antena ulikuwa umekatwa na tawi lakini ameshaunga. Mume wangu akabonyeza maikrofoni akajibu kuwa huku nako ni jua tu, na kwamba injini inaleta kelele kwenye redio, itabidi atafute inakotokea. Hakuna aliyemtaja mwenzake kwa jina. Walitajana kwa zile herufi na tarakimu ambazo kila mwenye leseni hupewa ziwe jina lake la hewani. Mwisho wakaambiana sabini na tatu, ambayo kwa watu wa redio ni salamu ya kuagana, na mume wangu akazima.

Lakini mimi sauti ile niliijua. Ilikuwa ya shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, wa baba mmoja mama mmoja, ambaye ukoo mzima ulijua kwamba hasemi na kaka yake tangu mama yao azikwe.

Kwenye mazishi yale nilikuwepo. Mama mkwe alifariki ghafla, shemeji akiwa mbali kikazi. Akapanda basi, basi likaharibika njiani. Mume wangu ndiye alikuwa mtoto wa kiume mkubwa, watu wakamtazama yeye, naye akasema maiti haimsubiri mtu. Shemeji alifika udongo umeshasawazishwa na watu wananawa mikono. Hakulia. Alisimama mbele ya kaka yake na begi begani, akasema watu wote wakisikia: "Siku utakayokufa wewe, nisiambiwe." Akageuka akarudi stendi bila kukaa. Tangu hapo akahamia mbali zaidi, safari ya siku mbili kwa basi, akafanya kazi kwenye kiwanda cha mbao, na habari zake tukawa tunazisikia kwa dada yao peke yake.

Redio wote wawili walifundishwa na baba yao, aliyekuwa mtu wa simu za upepo enzi hizo. Shemeji alipohama alipewa jina jipya la hewani, lakini la mume wangu halikubadilika. Kwa hiyo aliyeitikia wito wa kwanza alikuwa anajua vizuri anamwitikia nani. Na mume wangu angewezaje kusahau sauti ya mtoto aliyembeba mgongoni?

Jioni ile wakati wa kula nilimwambia, yule ni mdogo wako. Akaendelea kutafuna. Nikasema tena. Akanieleza badala yake habari za bendi, zile njia za mawimbi ya redio zinazoitwa kwa mita, kana kwamba ndizo nilizouliza. Kwamba mita ishirini ni soko siku ya gulio, kila mtu anapiga kelele, wenye mitambo mikubwa wanawakanyaga wenye midogo, na kila mwisho wa juma kuna mashindano ya kuhesabu nani kaongea na wangapi. Mita kumi na saba ni uchochoro. Ni nyembamba, watu ni wachache, na mashindano hayaruhusiwi huko, walikubaliana hivyo dunia nzima. Kiredio cha kwenye gari, chenye nguvu ya balbu moja ya sebuleni, kinasikika mbali bila kugombana na mtu. Inafunguka mchana, na jua likishazama inafunga kama duka. Zipo siku haifunguki kabisa, hata wiki kadhaa, jua lenyewe likichafuka huko juu, na hakuna wa kumlalamikia.

"Ni bendi ya mwenye subira," akasema.

Nikamwambia subira bila neno ni ukaidi. Nikamkumbusha kuwa mkubwa ni jalala.

"Jalala nalo hujaa," akasema. Kisha akaweka kijiko chini, akanieleza taratibu, mara moja tu, na hakurudia tena maishani mwake. Neno alilitoa mdogo. Siku mdogo atakapomwita kaka, hata kwa bahati mbaya, atamjibu kwa jina alilopewa na mama yao, na yataisha hapo hapo. Mpaka siku hiyo, hewani hakuna ndugu, kuna wito.

Basi wakaendelea. Miaka ikapita kwa mvua na jua, kwa tano na tisa, kwa waya zilizokatika na betri zilizochoka. Nilizoea kukaa kwenye kile kiti nikikunja foronya huku wanaongea. Nikagundua kwamba ukisikiliza vizuri, watu wale walikuwa wanaambiana kila kitu. Shemeji akisema kwake paa linavuja, mume wangu alimweleza namna ya kuziba, akirudia mara mbili. Mume wangu akisema leo hakwenda kazini, mwenzake aliuliza kama hali ya hewa ya huko imekuwa nzito, na akajibiwa imekuwa nzito kidogo, kifuani. Mwenye leseni yoyote aliyepita kwenye masafa yale angesikia wazee wawili wanajadili mawingu. Jirani yangu nilimjibu kwamba ni mtu wa mbali. Akasema wa mbali ndio wabaya, wa karibu utamkuta dukani umchambue. Tukacheka, swali likafa.

Wifi yangu, dada yao mkubwa, hakujua lolote. Huyu ni mwanamke aliyeshika funguo za ukoo. Nani kamkosea nani, nani alisema nini kwenye harusi ya nani, yote anayo kichwani kwa mpangilio. Si mbaya. Ni kama mlinzi wa nyumba ambayo wenyewe walishahama: kila siku anaamka, anajaribu kufuli.

Kile kifua kilipozidi, mume wangu akalazwa. Wodi ilikuwa na vitanda vilivyobanana na mashuka yaliyofuliwa na mtu asiyejali. Siku ya kwanza alinituma nyumbani alasiri. Aliniambia nikae kwenye gari, niwashe, nisiguse kitu kingine, nisikilize tu. Kusikiliza hakuhitaji leseni, kuongea kunahitaji. Nikaenda, nikawasha, nikamsikia shemeji akiuliza kama masafa yana mtu, maana ni adabu yao kuuliza kabla ya kuingia, kama kubisha hodi. Kisha akaita jina la hewani la mume wangu, akasubiri, akaita tena. Nikarudi hospitali.

"Yupo?"

"Yupo. Anaita."

"Hajasema kaka?"

"Hajasema."

Akafumba macho. Kesho yake akanituma tena, na siku iliyofuata. Kila nikirudi aliniuliza yale yale, nami sikuwa na jibu jingine la kumpa. Nilimwomba aniruhusu nitafute namba ya simu ya mdogo wake kwa wifi. Alikataa kwa mkono, pumzi haikutosha kukataa kwa mdomo. Siku ya mwisho hakunituma. Aliniuliza tu kama nje kuna jua, nikamwambia lipo. Akafariki asubuhi iliyofuata, manesi wakiwa wanatandika kitanda cha pili.

Wifi alifika kabla sijamaliza kukunja nguo za marehemu. Alipanga kila kitu, na alipanga vizuri, sina neno. Nilipomwomba ampigie mdogo wao, alinitazama kama niliyetukana. Akasema neno la mtu ni neno, na lile lilisemwa mbele ya kaburi la mama, watu wote wakisikia. Kumwambia leo ni kumvunjia kiapo chake kwa mikono yetu. Mbona mwenyewe hajawahi kupiga simu hata siku moja kumuulizia kaka yake? Nikataka kumwambia kwamba amemuulizia kila siku ya Mungu, lakini siri ile haikuwa yangu, na mwenyewe alikuwa amelala mbele yetu amefunikwa. Akazikwa jioni ile ile.

Nyumba ilipobaki na watu wachache, alasiri moja nilitoka nikaenda kwenye gari. Sikuwa na mpango. Labda ni miguu tu, ilizoea. Nikawasha redio. Mvumo, kisha hodi ile: masafa haya yana mtu? Akamwita mume wangu. Akasubiri. Akamwita tena, polepole, akitaja kila herufi peke yake, kama anayemsomea mtoto. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayejiongelesha: "Bendi imefunga. Labda kesho."

Pale ndipo nilipoelewa. Mtu mwingine yeyote, simu yake isipopokewa siku kadhaa, angejua kuna jambo. Angemuuliza jirani, angepanda gari. Mtu wa mita kumi na saba akiita bila kuitikiwa hulilaumu jua. Wao wawili waliwahi kupoteana msimu mzima na wakarudi kuongea kana kwamba ni jana. Kwa hiyo atangoja. Ataita mwezi huu, ataita na ujao, kila siku akiongeza subira, na kila siku akimwita marehemu kwa herufi moja moja. Na siku atakayousikia msiba kwa mpita njia, atajua pia kwamba sisi wote tulikuwa kimya wakati anaita.

Maikrofoni ilikuwa inaning'inia mbele yangu. Sikuigusa. Haikuwa yangu, na mwenyewe aliniambia nisiiguse. Nilisali palepale, kichwa kwenye dashibodi, nikimwomba Mungu anionyeshe mlango mwingine, maana dirisha sitaki kupita.

Mlango ulikuja ukiwa umevaa miwani. Wifi alikuwa ameshasema pikapu litachukuliwa Jumamosi na mkwe wake, mwenye duka la mbolea, na kwamba hilo dude la kelele litolewe kwanza. Akaitwa katibu wa chama cha watu wa redio aje alifungue. Ni muuza miwani, mwembamba, mpole, anayemtazama kila mtu kama anampima macho. Alikuja na spana kwenye mfuko wa nailoni. Kabla hajalala chini ya dashibodi nilimwomba akae kwanza, nikamweleza.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema kwao mtu akifariki husema ufunguo wake umenyamaza, kwa sababu zamani waliongea kwa kugonga ufunguo, na kwamba yeye yuko tayari kumtangazia huyo bwana yeye mwenyewe, kwa heshima zote.

Nikamwambia habari ya msiba hailetwi na mgeni kama yupo ndugu mwenye mdomo.

Akavua miwani akaifuta. Akasema hapo sheria inatupa nafasi. Asiye na leseni anaweza kuongea kama mwenye leseni amekaa naye, ameshika mtambo, anafungua na kufunga yeye, na jina la hewani linalotumika ni lake. Ila tusikae pale nyumbani, nyaya za umeme zinaleta kelele nyingi. Tukaendesha hadi mlimani kwenye tangi la maji la mji, mahali ambapo marehemu alipapenda. Nilikaa kwenye kiti changu kile kile. Yeye akakaa kwenye usukani, na nilimshukuru moyoni kwa kutourekebisha ule mto wa mgongoni wa mume wangu.

Saa ya shemeji ilipofika, katibu alibisha hodi: masafa haya yana mtu?

"Yana mtu," ikajibu sauti, haraka. "Namsubiri rafiki. Karibu, lakini namsubiri rafiki."

Katibu akajitambulisha kwa herufi zake, akasema anaongea kutoka kwenye gari la yule anayesubiriwa. Kule upande wa pili ile sauti ikapanda kama ya kijana. Ilisema ilijua tu, ilijua ni bendi, wiki nzima jua limekuwa na fujo, watu wote wanalalamika. Ilisema katibu ampe huyo mzee maikrofoni, amweleze mwenyewe alikuwa wapi.

Katibu akaniangalia. Akaniwekea maikrofoni mkononi, akanionyesha kitufe.

"Shemeji," nikasema, "ni mimi, mke wa kaka yako."

Neno hilo, kaka, halikuwahi kupita kwenye masafa yale. Nililisikia likitoka, na sikuacha lingine linitangulie. Nikaendelea.

"Bendi haikufunga. Kaka yako ametutoka. Aliugua kifua, akalazwa, tumeshamzika. Nimekuwa nikikusikia ukiita, na sikuwa na ruhusa ya kukujibu. Sasa nimepewa."

Kisha nikakaa namsubiri alie au aseme, na hakukuwa na kitu, hata mvumo. Katibu akaninong'oneza kwamba bado nimebonyeza. Ukishikilia kitufe unaongea tu, huwezi kumsikia mwenzako. Akanibandua kidole gumba taratibu kama anavyobandua bei kwenye miwani. Sijui shemeji alisema nini wakati ule. Nilipoachia palikuwa na mvumo tu, mrefu, mpaka nikadhani sasa bendi imefunga kweli.

"Nimekupata," akasema.

Mvumo.

"Nimekupata, shemeji. Narudia, nimekupata. Nakuja."

Hakusema sabini na tatu. Katibu alisubiri kidogo, akazima mtambo, na tukabaki tunatazama paa za mji kule chini. Alinirudisha nyumbani bila kuifungua redio, akasema spana zake hazitoshi saizi. Zilitosha. Niliziona.

Shemeji alifika Jumamosi ile ile ya kuchukuliwa gari. Mkwe wa wifi alikuwa nje anazunguka pikapu, anapiga matairi mateke kama kawaida ya wanaume. Wifi alikuwa sebuleni na mimi, tunakunja mashuka, maana kazi za watu hazijui msiba. Kivuli kikaziba mlango. Alikuwa amezeeka kuliko sauti yake. Redioni alikuwa mtu wa makamo. Mlangoni alikuwa mzee mwenye unga wa mbao kwenye mishono ya koti, na begi dogo. Alisimama hivyo hivyo kama siku ya mazishi ya mama, na nikamwona wifi naye amekumbuka.

Nikampokea begi, nikampa kiti, nikamletea chai. Wifi hakuinuka. Aliuliza ni nani aliyemwambia, kisha akaacha kuuliza, kwa sababu alikuwa ananiangalia mimi. Akaanza. Alisema mwenyewe ndiye aliyetoa kauli asiambiwe. Wao wameiheshimu, na kama kuna aliyekosa si wao.

"Dada, nilikuwa na hasira," akasema shemeji.

"Hasira ina mwenyewe. Ungerudi ukaichukua."

Hakubishana naye. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili bila kukinywa. Nilimweleza basi, kwa kuwa wifi naye alistahili kusikia, kwamba watu hawa wawili walikuwa wakiongea karibu kila alasiri kwa miaka, huko kwenye gari, mimi nikiwa nimekaa kando. Wifi alitazama nje kwenye pikapu, akanitazama, akamtazama mdogo wake. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe kwenye ukoo ule, nilimwona anatafuta neno na halipo.

Shemeji hakushangaa kuwa nilikuwepo. Aliweka kikombe mezani.

"Nikuulize kitu kimoja, shemeji. Nimekuja nacho njia nzima." Akapangusa mdomo usio na chai. "Kaka alijua ni mimi?"

Wifi aliwahi kabla yangu, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, laini kabisa. Akamwambia hakujua, angejuaje, redio ni mikwaruzo mitupu. Angejua, kwa kiburi kile cha kaka yao, angezima siku hiyo hiyo. Kwake ulikuwa rafiki tu wa hewani, akasema, na mlipendana vizuri hivyo hivyo, shukuru Mungu kwa hilo.

Nilimwona shemeji akilitazama jibu lile kama mtu anayetazama kitanda baada ya safari ndefu. Kama marehemu hakujua, basi hakuna aliyekuwa akingoja. Na mimi sikuwa na haja ya kufanya lolote, ila kuendelea kukunja shuka. Niliomba ndani kwa ndani nipewe neno lenye ukweli na upole kwa pamoja. Halikuja. Lakini yeye aligeuka akaniangalia mimi. Alikuwa hataki tena la dada yake, na mtu akikuuliza habari za marehemu wake huwezi kumpa za kutunga.

"Alijua tangu siku ya kwanza," nikasema.

"Mbona hakusema?"

"Alikuwa anasubiri umwite kaka. Hospitali alikuwa ananituma nikasikilize kama umemwita. Kila siku."

Wifi akaweka mkono mdomoni. Nje mkwe wake alikuwa amewasha injini, anaisikiliza, akaizima.

Shemeji alikaa na mikono juu ya magoti, viganja vimetazama juu. Midomo ilicheza kidogo, ikatulia. Wifi akamwita kwa jina lake la utotoni, lile alilopewa na mama, akamwambia anywe chai kwanza, kisha watakwenda wote watatu makaburini, jua likipungua. Shemeji akainuka. Alipita kati ya meza na magoti ya dada yake, akaliacha begi palepale nilipoliweka, akapita kando ya pikapu bila kuligeukia, akatoka peke yake bila kungoja jua lipungue.